TARAKILISHI ISEMAPO NA MASHINE

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Ukipita karibu na karakana za maseremala siku hizi utaona milango na vichwa vya vitanda vilivyochongwa maua na majani hata ukadhani ni kazi ya wale mafundi wa zamani wa Lamu. Kumbe ni mashine! Mkono ulioshika patasi haupo. Ipo mota inayozungusha kisu, zipo mota nyingine zinazokisukuma kisu huku na huku, na kando yake pana tarakilishi. Kati ya tarakilishi na mashine pana waya mmoja mwembamba.

Waya huo ndio nitakaouzungumzia. Wengi huutazama kama kamba ya kufungia mbuzi, yaani ukishafungwa basi, kazi imekwisha. La hasha! Ndani ya waya ule mna mazungumzo, na mazungumzo yoyote yana adabu zake. Adabu zikikosekana, ubao wa mkangazi ulionunuliwa kwa maelfu ya shilingi huharibika kwa dakika moja. Ubao ni afadhali. Kidole cha mtu hakinunuliwi dukani.

Klabu ya Sayansi ya shule yetu ina mashine ndogo ya kuchora kwa kalamu, tuliyoiunda kwa ajili ya maonyesho ya sayansi. Ina mota mbili, mikanda ya meno, bodi ya Arduino Uno, na ndani ya bodi hiyo programu iitwayo Grbl. Programu hii ilianzishwa mwaka wa 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norway na hutolewa bure. Nimeichagua kwa somo hili kwa kuwa ndiyo ninayoijua kwa mikono yangu, na pia kwa kuwa vimashine vingi vidogo vya kuchonga vinavyouzwa leo vina Grbl hiyo hiyo tumboni. Wako wenzangu waliosema eti jambo hili haliwezi kuandikwa kwa Kiswahili likaeleweka. Hao nawaomba wasome mpaka mwisho kisha waje tubishane.

Kwanza tujue nani ni nani. Tarakilishi haizungushi mota. Kazi hiyo ni ya kidhibiti mwendo, yaani ile bodi. Mota tunazotumia huitwa mota za hatua kwa sababu haziendi mfululizo kama mota ya feni. Huenda kwa vihatua, hatua 200 kwa mzunguko mmoja, na kila hatua ni nyuzi 1.8. Kila hatua huhitaji mpigo wa umeme, tena kwa wakati wake barabara. Tarakilishi ina shughuli nyingi: mara inacheza muziki, mara inajisasisha yenyewe bila kuomba ruhusa. Ukiipa kazi ya kuhesabu mipigo hiyo itababaika, na mota itakwenda kwa kushtukashtuka. Kwa hivyo kazi imegawanywa. Tarakilishi husema, "Nenda hadi milimita 40 upande wa kulia," na kidhibiti ndicho kinachokaa chini kuhesabu hatua. Mmoja hutoa agizo na mwingine hutembea.

Agizo lenyewe huandikwa kwa msimbo wa G. Mfano ni huu:

G1 X40 F500

Maana yake: nenda kwa mstari ulionyooka hadi 40 kwenye mhimili wa X, kwa mwendo wa milimita 500 kwa dakika. Ni herufi na tarakimu za kawaida, hata wewe unaweza kuziandika kwa mkono.

Sasa herufi hizo husafirije? Waya wa kusemea ni mmoja tu kila upande, kwa hivyo haziwezi kwenda bega kwa bega. Huenda kama abiria wanaoshuka matatu: mlango ni mmoja, basi hushuka mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana mawasiliano haya huitwa ya mfululizo. Chukua herufi G. Katika orodha ya herufi ambayo tarakilishi zote huitambua, G ni namba 71. Ukiiandika 71 kwa sifuri na moja tu utapata 01000111. Hizo ni biti nane. Huanza kutumwa ile ya mwisho kulia, kwa hivyo kwenye waya hupita 1, 1, 1, 0, 0, 0, 1, 0. Lakini msikilizaji atajuaje kwamba herufi imeanza? Waya ukiwa kimya hukaa kwenye moja. Msemaji akitaka kusema huushusha hadi sifuri kwa muda wa biti moja, kama mtu anayebisha hodi. Kisha hufuata biti zile nane, halafu moja ya kufunga mlango. Jumla ni biti kumi kwa kila herufi.

Hapo ndipo penye kiini cha somo hili, nakuomba usipapite mbio. Hakuna waya wa tatu unaopiga saa. Msikilizaji akishasikia hodi, hutumia saa yake mwenyewe kuhesabu: biti ya kwanza sasa, ya pili sasa, ya tatu sasa. Maadamu saa ni mbili, moja huku na moja kule, ni lazima wawili hao wawe wamepatana mapema kwamba biti moja inachukua muda gani. Mapatano hayo huitwa kasi ya baudi, jina lililotokana na Mfaransa Émile Baudot (1845–1903), mtu wa simu za maandishi za zamani. Kwa kasi ya 9600, biti moja huchukua kama sehemu 104 za milioni moja ya sekunde. Kwa kasi ya 115200 huchukua kama sehemu 8.7 tu. Gawanya mwenyewe: 115200 ni mara 12 ya 9600. Basi mashine ikisema kwa 115200 na tarakilishi ikasikiliza kwa 9600, wakati msikilizaji anapima biti moja msemaji ameshapitisha kumi na mbili. Kitakachoonekana kwenye kioo ni alama za ajabu, vijimraba, alama za kuuliza na herufi zisizo na mama wala baba.

Mwaka jana fundi mmoja wa mtaani kwetu, anayechonga vibao vya majina na ngao za zawadi, alibadilishiwa bodi ya mashine yake. Bodi mpya ilipofungwa, tarakilishi ikawa inaonyesha alama hizo hizo. Akaitwa mtaalamu kutoka mjini. Aliitazama kama dakika kumi, akatoa hukumu: bodi imekufa, inunuliwe nyingine, na ada ya kuja kwake ilipwe papo hapo. Fundi wa watu alikuwa na oda ya ngao kadhaa za siku ya wazazi, na malipo ya awali alikuwa ameshayala kwa karo ya watoto. Alikaa siku nne hana usingizi. Aliyemwokoa ni binti yake, wa Kidato cha Pili. Yeye aliuliza swali moja tu: kama bodi imekufa, haya maandishi yanatoka wapi? Swali zuri mno. Maiti haisemi, hata maneno yasiyoeleweka haisemi. Bodi inayotoa takataka ni bodi hai inayosema kwa kasi nyingine. Matoleo ya zamani ya Grbl yalikuwa yakisema kwa 9600. Kuanzia toleo la 0.9 yakahamia 115200. Bodi mpya ilikuwa na toleo la 1.1, ilhali programu ya kwenye tarakilishi ilikuwa ingali kwenye 9600 ya bodi iliyotolewa. Namba moja ikabadilishwa, mashine ikatoa salamu. Ngao zilitoka siku moja kabla ya sherehe.

Ndiyo maana nasema mapatano haya si jambo la kujifunza kwa ajili ya mtihani tu.

Mapatano kamili huandikwa kwa ufupi 8N1: biti nane, hakuna biti ya ukaguzi, biti moja ya kufunga. Grbl hutumia hayo pamoja na 115200. Ukikutana na mashine nyingine, tafuta mambo manne katika kitabu chake kabla ya kugusa kitu: kasi, idadi ya biti, ukaguzi, na biti za kufunga. Liko na la tano ambalo wengi hulisahau, yaani mstari humalizwa kwa alama gani. Usipotuma alama ya mwisho wa mstari, mashine huendelea kungoja ikidhani bado unasema. Nawe unaingoja ijibu. Mtangojana mpaka kengele ya kwenda nyumbani ilie.

Tuje kwenye nyaya zenyewe. Kanuni ni mdomo kwa sikio. Waya wa kusemea wa huyu huenda kwenye waya wa kusikilizia wa yule, na kinyume chake. Ukiunganisha mdomo kwa mdomo hakuna atakayesikia. Kisha pana waya wa tatu, ule wa ardhi, ambao watu huudharau kwa kuwa "haubebi kitu". Hebu fikiria watu wawili wanaopima kimo cha mti, mmoja amesimama bondeni na mwingine kilimani. Watakubaliana? Volti nayo hupimwa kutoka mahali fulani, na waya wa ardhi ndio unaowasimamisha wote wawili pahali pamoja.

Katika mashine za zamani utakuta tundu la pini tisa la mtindo wa RS-232, mtindo uliowekwa mwaka wa 1960. Upande wa tarakilishi, pini ya 2 husikiliza, ya 3 husema, ya 5 ni ardhi. Tahadhari hapa! Katika RS-232 moja huwa ni volti za hasi, kati ya -3 na -15, na sifuri ni kati ya +3 na +15. Lakini bodi ya Arduino Uno hujua 0 na 5 tu. Ukiunganisha pini zake moja kwa moja na tundu hilo la zamani, utaichoma. Ni lazima pawe na mkalimani katikati, na mkalimani anayejulikana zaidi ni kichipu cha MAX232. Kwenye waya wa USB hatuna shida hiyo, kwa kuwa mkalimani amekwisha kuwekwa juu ya bodi yenyewe.

Lakini USB nayo ina vituko vyake. Kituko cha kwanza ni waya wa kuchajia simu. Unafanana kabisa na ule wa data, ila ndani hauna nyaya za data, una za umeme tu. Taa ya bodi itawaka, utafurahi, na tarakilishi itasema haioni kitu. Katika droo ya maabara yetu tulikuwa na nyaya saba za namna hiyo, na tatu zilikuwa za kuchajia tu. Tumezifunga utepe mwekundu. Kituko cha pili ni kichipu cha mkalimani. Bodi nyingi za bei nafuu hutumia CH340, na tarakilishi nyingine huhitaji kuwekewa programu yake ndogo, yaani draiva, kabla ya kukitambua. Katika Windows bodi ikitambuliwa hupewa jina kama COM3 au COM5. Katika Linux huwa ni ttyUSB0 au ttyACM0, na hapo huenda ukahitaji kuongezwa katika kundi la dialout ndipo uruhusiwe kulifungua tundu hilo. Njia rahisi ya kulijua jina ni kutazama orodha, kuchomoa waya, kisha kutazama tena. Lililotoweka ndilo lako.

Haya, sasa tuwashe. Sisi huanza umeme wa mota ukiwa umezimwa, waya wa USB peke yake ndio uliochomekwa. Kwa nini? Kwa sababu tunataka mazungumzo kwanza, mwendo baadaye. Fungua programu yoyote ya kuandikiana na tundu la mfululizo, chagua jina la tundu, weka 115200, fungua. Subiri kama sekunde mbili. Tundu linapofunguliwa, Arduino Uno hujiwasha upya, kisha hutoa salamu:

Grbl 1.1h ['$' for help]

Ukiiona hiyo, piga makofi. Mambo mengi yamethibitishwa kwa mstari huo mmoja: waya ni mzima, jina la tundu ni sawa, kasi ni sawa, na bodi iko hai. Usipoona kitu kabisa, rudi kwenye waya na jina la tundu. Ukiona takataka, rudi kwenye kasi. Fundi mzuri ni yule anayejua kutofautisha kimya na kelele.

Kumbuka jambo hilo la kujiwasha upya. Mashine ikiwa katikati ya kazi, na mwenzako mwenye kihere­here akafungua tena tundu kwa programu nyingine, bodi huenda ikaanza upya na kusahau iko wapi. Tarakilishi nyingi hukataa tundu moja kufunguliwa na wawili, lakini usitegemee hilo. Mwenye kibodi awe mmoja.

Baada ya salamu, andika alama ya kuuliza:

?

Mashine itajibu kitu kama hiki:

<Idle|MPos:0.000,0.000,0.000|FS:0,0>

Yaani: nimepumzika, niko sifuri, sifuri, sifuri, na mwendo wangu ni sifuri. Kisha andika $$ nayo itakumwagia orodha ya mipangilio yake. Katika orodha hiyo, $100 na $101 ni idadi ya hatua kwa milimita moja, kwa mhimili wa X na wa Y. Hapa hesabu za Kidato cha Kwanza zinatosha. Mota yetu ni hatua 200 kwa mzunguko. Draiva ya mota huigawa kila hatua mara 16, basi ni 3200. Gurudumu la mkanda lina meno 20, na jino hadi jino ni milimita 2, basi mzunguko mmoja husogeza mkanda milimita 40. Gawa 3200 kwa 40, unapata 80. Bodi yetu ilikuja na 250, namba ya kuanzia ya Grbl. Tuliiacha makusudi mara moja ili wa Kidato cha Kwanza waone. Tukawasha umeme wa mota, tukaandika:

G21 G91 G1 X10 F200

Yaani tumia milimita, hesabu kutoka ulipo, sogea 10. Kalamu ilisogea milimita 31 na ushei. Mashine haikudanganya, ilitembea hatua 2500 kama ilivyoambiwa. Kosa lilikuwa katika maana ya neno "milimita" baina ya wawili. Tukaandika $100=80 na $101=80, tukarudia, rula ikasoma 10. Hata wale waliokuwa wakisinzia waliamka.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kila mtu afungue masikio, maana hapa ndipo penye hatari. Kila mstari unaoutuma hujibiwa ok, au error na namba yake. Watu wengi hudhani ok maana yake ni "nimemaliza". Sivyo! Wewe mjuzi wa Kiswahili utanielewa upesi. Mama akikuita kutoka jikoni ukajibu "labeka!", je, umeshachota maji? Hujachota. Umesema tu kwamba umesikia. Hiyo ok ya Grbl ni labeka. Maana yake: mstari nimeupokea, nimeuelewa, nimeuweka kwenye foleni. Foleni hiyo katika Arduino Uno yaweza kuwa na miendo 16 inayongoja. Kwa hivyo tarakilishi inaweza kukuonyesha kazi imetumwa asilimia 100, mistari yote imejibiwa ok, na kisu bado kina miendo zaidi ya kumi ya kufanya. Mtu akiingiza mkono kutoa ubao wakati huo, atajuta.

Njia ya kuwa na hakika ni kuuliza. Tuma ? mpaka jibu liwe Idle badala ya Run. Au mwisho wa kazi weka mstari wa G4 P0.01, yaani tulia kidogo mno. Grbl haiwezi kuujibu mstari huo mpaka miendo yote iliyotangulia iwe imekwisha, basi ok yake ndiyo inayokuja baada ya kazi. Kwenye mashine yetu ya kalamu hatari ni ndogo, lakini mazoea hujengwa kwenye kalamu ndipo yaletwe kwenye kisu.

Labeka hiyo ina kazi nyingine kubwa. Bodi ina kisanduku kidogo cha kupokelea herufi kabla haijazisoma. Ni baiti 128, kama mistari sita tu ya msimbo. Kwa kasi ya 115200 herufi 11520 hupita kila sekunde, kwa hivyo tarakilishi ikimwaga faili lote bila kungoja, kisanduku hujaa kwa kama sehemu moja ya mia ya sekunde. Kikishajaa, herufi zinazofuata hupotea. Na kupotea huko ni kubaya kwa sababu hakuonekani. Chukua X125. Ikipotea ile 1, inabaki X25. Hiyo ni namba halali kabisa! Mashine haitalalamika, itajibu ok na kwenda 25, ikipasua ua katikati ya kichwa cha kitanda. Kama ingepotea herufi X pengine ungeonywa kwa error. Tarakimu ikipotea hakuna wa kukuonya, kwani Grbl haina namna ya kukagua kama mstari umefika mzima. Programu ya Marlin, inayotumiwa sana katika mashine za kuchapa vitu vya plastiki, inaweza kukagua: kila mstari hupewa namba na jumla ya kuhakiki, na usipolingana huombwa tena. Kwa Grbl ulinzi wetu ni subira. Tuma mstari mmoja, ngoja ok, tuma wa pili. Programu nzuri za kutuma faili hufanya hivyo zenyewe, au huhesabu herufi zilizo ndani ya kisanduku zisizidi 128. Ukitaka kuandika yako, usiifanye kama mwanafunzi anayesoma insha yake mbio mbio ili amalize kabla ya kengele.

Mara nyingine utaona ALARM. Hapo mashine imejifunga, na maagizo ya kusogea hujibiwa error:9 mpaka uifungue. ALARM:1 maana yake imegusa swichi ya mpaka ghafla. Ukishaiwasha upya kwa Ctrl-X unaweza kuifungua kwa $X, lakini msomaji, usiandike $X kama mtu anayefunga redio iliyomkera. Tazama kwanza kilichogusa nini. Mashine yenye swichi za mwanzo hurudishwa nyumbani kwa $H, nayo ikianza kuhesabu upya kutoka hapo ndipo huwa na hakika ya mahali ilipo.

Na kusimamisha je? Grbl ina alama ambazo hazikai foleni. Alama ya mshangao, !, husimamisha mwendo taratibu, ~ huuendeleza, Ctrl-X huiwasha upya. Herufi hizo huchukuliwa mara tu zinapofika, hata kisanduku kikiwa kimejaa, kama gari la wagonjwa linalopishwa barabarani. Ni mpango mzuri. Lakini umesikia neno hilo "zinapofika"? Waya ukichomoka hazifiki. Tarakilishi ikiganda hazitumwi. Mota ya kisu yenye brashi hutoa kelele nyingi za umeme, na si ajabu USB kukatika katikati ya kazi kwa sababu yake. Unaweza kupunguza balaa hilo: waya wa data usipite sambamba na nyaya za mota, uwe mfupi, na mashine itiwe ardhi. Katika viwanda, penye masafa marefu, hutumia mtindo wa RS-485, wenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Ujumbe hupatikana kwa tofauti baina ya nyaya hizo, hivyo kelele inayozipiga zote mbili sawasawa haidhuru. Huweza kufika hata mita 1200. Lakini hata huo ni waya, nao hukatika.

Kwa hivyo kitufe chekundu cha kusimamisha hakipaswi kupitia kwenye mazungumzo. Cha kwetu tumekifunga kwenye umeme wa mota wenyewe. Ukikibonyeza, mota hukosa nguvu, programu itake isitake. Na hapo utaona ajabu moja ambayo mgeni hukosa kuiamini. Bodi yapata umeme wake kutoka USB, basi haijui kwamba mota zimezimwa. Huendelea kupokea mistari na kujibu ok, ok, ok, na ukiuliza ? itakwambia iko X40, X60, X80, ilhali kalamu imesimama pale pale ilipokuwa. Kidhibiti cha namna hii hakina macho. Huhesabu hatua kilizoagiza, si hatua zilizotembewa. Ndiyo maana baada ya kitufe hicho hatuendelezi kazi. Tunatuma Ctrl-X, tunairudisha kalamu kwenye kona ya mwanzo, na tunaanza na karatasi mpya.

Mashine iko katika maabara ya fizikia. Ijumaa saa kumi, kabla ya kalamu kugusa karatasi, mmoja wetu huituma mbio bila kazi na mwingine hubonyeza kitufe. Mota zisiposimama, siku hiyo hatuchori.